Barua ya wazi: halotheni inaondoka, tupangieni ujio wa isoflureni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Kampala
Kwa Meneja Mkuu wa Bohari ya Taifa ya Dawa, Kajjansi
Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Afya ya Bunge

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni ofisa wa usingizi katika hospitali ya serikali huku West Nile, mmoja wa wale wanaokaa upande wa kichwa cha mgonjwa wakati daktari anapasua. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotuunganisha thieta, yaani chumba cha upasuaji, tukiwa na Mlugbara, Mkakwa, Mnubi na Muganda kwenye meza moja. Isitoshe ni lugha rasmi ya pili ya nchi, kwa hiyo sidhani kama itawasumbua.

Ninalo ombi moja. Dawa ya usingizi ya kuvuta tuliyoizoea, halotheni, inatoweka duniani. Viwanda vinavyoitengeneza vimebaki vichache, na nchi tajiri zilishaiacha zamani. Naomba kuondoka kwake hapa Uganda kupangwe kwa maandishi, kwa tarehe na kwa fedha, na mahali pake pachukuliwe na isoflureni, dawa nyingine ya kuvuta, kwa wagonjwa watu wazima katika kila hospitali yenye thieta. Tusingoje siku chupa ya mwisho itakapokauka huku mgonjwa yuko mezani.

Nianze na wale ambao si wa fani, maana wajumbe wa Kamati mtaombwa kupitisha fedha na ni haki yenu kujua mnanunua nini.

Mtu mzima huwa tunamlaza kwa sindano ya mshipani: thiopentoni, propofoli au ketamini. Analala haraka, lakini sindano hiyo haikai. Baada ya dakika chache inaanza kumwachia, na upasuaji wa utumbo uliojisokota au wa mfupa wa paja hauishi kwa dakika chache. Hapo ndipo mvuke unapoingia. Dawa ya maji inawekwa kwenye chombo tunachokiita vepoaiza, oksijeni au hewa inapita juu yake, inabeba mvuke kwa kiasi tulichokipanga, na mgonjwa anauvuta mpaka tutakapofunga. Tukifunga, mvuke mwingi unatoka kwa njia ileile ulioingilia, yaani mapafuni. Dawa hizi zote zinalaza. Zinapotofautiana ni katika namna zinavyoondoka, zinavyoushughulikia moyo na ini, na kiasi cha dawa kinachotumika kwa saa.

Etha ndiyo babu yao. Ilionyeshwa hadharani Boston tarehe 16 Oktoba 1846, na wazee wetu wa fani bado wanakumbuka harufu yake. Iliheshimu pumzi na presha ya mgonjwa, lakini ilishika moto upesi na iling'ang'ania mwilini. Halotheni ilipoingia thieta za Uingereza mwaka 1956 ilionekana kama neema: haiwaki, ina harufu tamu, haikeri koo. Mtoto anaweza kuvutishwa barakoa bila sindano na akalala bila kukohoa. Ndiyo maana tuliipenda, na sitaki kuisema vibaya kupita kiasi, kwa sababu imewavusha Waganda wengi sana.

Kasoro zake lakini tunazijua. Inapunguza nguvu na kasi ya mapigo ya moyo. Inaufanya moyo uwe mwepesi kushtuka mbele ya adrenalini, na madaktari wetu wa upasuaji hupenda kuchoma lignokeni, dawa ya ganzi, yenye adrenalini ili kidonda kisitoke damu nyingi. Mkichanganya hayo mawili na mgonjwa anayejipumulia mwenyewe, ambaye kabonidayoksaidi imeanza kumjaa, mapigo yanaanza kuruka. Kama thieta ina mashine ya kufuatilia moyo mnaona. Kama haina, mnakuwa na kidole kwenye mshipa wa shingo na dua.

Halafu kuna ini. Karibu sehemu moja ya tano ya halotheni inayoingia mwilini huvunjwavunjwa na ini. Kwa isoflureni ni kama asilimia 0.2 tu, yaani mara mia pungufu. Mabaki ya halotheni yanaweza kuuchokoza mwili wa mtu ukaligeukia ini lenyewe. Kwa watu wazima hali hiyo ikiwa kali hutokea kwa mmoja kati ya elfu 10 na elfu 35 hivi, lakini inapotokea huua wengi wa inaowapata, na hatari hupanda mtu akilazwa tena kwa dawa ileile baada ya muda mfupi. Uingereza waliandika tangu miaka ya themanini kwamba asirudishiwe ndani ya miezi 3. Sasa fikirieni mgonjwa wetu wa majeraha ya boda, anayerudi thieta kusafishwa kidonda tena na tena kabla mwezi haujaisha. Na fikirieni kwamba yuko kaskazini, ambako homa ya ini B ni tatizo linalojulikana. Akipata macho ya manjano wiki ya pili, nani atasema ni virusi, ni malaria au ni sisi? Wodini kwetu swali hilo huishia kwenye faili.

Isoflureni haina mzigo huo. Nayo inashusha presha, lakini kwa kulegeza mishipa zaidi kuliko kwa kuudhoofisha moyo, na mapigo hupanda kidogo badala ya kuzama. Adrenalini ya daktari haiisumbui kama inavyoisumbua halotheni. Aibu yake ni harufu: ni kali, inakera koo, na ukijaribu kumlaza mtu kwa isoflureni peke yake atakohoa na kushikilia pumzi. Kwa mtoto hilo ni kikwazo kikubwa. Kwa mtu mzima mwenye mshipa wa kuchoma sindano ni jambo dogo sana, kwa kuwa tayari amelala kabla mvuke haujamfikia. Kwa sababu hiyo naona uamuzi kuhusu watu wazima ni mwepesi, na hauna haja ya kungoja ule wa watoto ambao ni mgumu kidogo.

Kuhusu kuamka, fani ina namba inayopima jinsi kila dawa inavyoyeyuka kwenye damu. Namba ikiwa kubwa, dawa inang'ang'ania na mgonjwa anachelewa. Etha ni kama 12, halotheni 2.4, isoflureni 1.4, na ndugu zao wawili, sevoflureni kama 0.65, desflureni 0.42. Kati ya isoflureni na sevoflureni, kwa mtu mzima na upasuaji wa kawaida, tofauti ya kuamka huwa ni dakika chache. Huko Ulaya dakika hizo ni za kuharakisha mgonjwa anayefuata. Kwetu zina maana nyingine kabisa. Mgonjwa wetu mara nyingi hapiti chumba cha kuangaliwa baada ya upasuaji. Anasukumwa moja kwa moja wodini, kwa muuguzi mmoja mwenye vitanda vingi, bila oksimita, kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu. Mgonjwa anayetoka mlangoni akijua jina lake, akikohoa mwenyewe na kumeza mate, ana kinga ambayo hatuwezi kumnunulia wodini. Kwa hiyo kuhama kutoka 2.4 kwenda 1.4 ni faida halisi. Kushuka zaidi ya hapo ni faida pia, ila swali ni kwa bei gani.

Na bei ndiyo naomba mkae nayo kidogo, maana hapo ndipo wanunuzi hukosea.

Bei ya chupa haiwaambii kitu. Ni sawa na kununua pikipiki ya boda bila kuuliza inakunywa mafuta kiasi gani kwenda Koboko na kurudi. Kila dawa ina kiwango chake cha kufanya kazi. Sisi hukipima kwa asilimia ya mvuke inayowafanya nusu ya wagonjwa wasijitikise kisu kinapopita kwenye ngozi. Halotheni ni asilimia 0.75. Isoflureni ni kama 1.2. Sevoflureni ni 2. Desflureni ni 6. Maana yake, kufanya kazi ileile, sevoflureni inatumika karibu mara mbili ya isoflureni, na desflureni mara tano.

Kuna hesabu ya haraka ambayo kila ofisa wa usingizi anaifahamu: zidisha tatu, kwa lita za gesi zinazopita kwa dakika, kwa asilimia ya mvuke, na unapata mililita za dawa kwa saa. Tuseme gesi inapita lita 3. Halotheni itakula kama mililita 7 kwa saa, isoflureni 11, sevoflureni 18, desflureni 54. Chupa ya mililita 250 ya halotheni inakwenda saa 35 na zaidi. Ya isoflureni inakwenda kama saa 23. Ya sevoflureni inakwenda saa 14. Chupa ya desflureni, ambayo ni mililita 240, haimalizi saa 5. Sasa chukueni bei halisi mliyolipa kwa kila chupa, muigawanye kwa saa hizo. Ndiyo bei ya dawa. Ningependa kuiona namba hiyo kwenye kila jedwali la zabuni, kando ya bei ya chupa, ili Kamati ikiuliza ijibiwe bila kuzungushwa.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha jambo la pili ambalo mimi naliona kubwa kuliko la kwanza. Punguzeni gesi kutoka lita 3 hadi lita 1, na kila kitu kinagawanyika kwa tatu. Isoflureni inakuwa chini ya mililita 4 kwa saa, na chupa moja inapita saa 65. Sevoflureni kwa lita 1 inakula mililita 6, pungufu ya isoflureni kwa lita 3! Kumbe mashine na mkono unaoizungusha vinaweza kuokoa fedha kuliko uchaguzi wa dawa. Lakini gesi haipunguzwi kwa kutaka tu. Inahitaji mashine ya mzunguko ambamo mgonjwa anavuta tena hewa aliyoitoa, chokaa ya soda ya kunyonya kabonidayoksaidi, na kipimo kinachoonyesha oksijeni na mvuke unaomfikia mgonjwa. Bila kipimo, kupunguza gesi ni kukisia. Bila chokaa ni hatari zaidi. Nimeona mahali, sitapataja, mashine ya mzunguko nzuri kabisa, chokaa yake imekwisha nguvu. Jioni inageuka zambarau kama inavyotakiwa ili kutoa onyo, usiku inapumzika, asubuhi inaonekana nyeupe tena kana kwamba ni mpya. Rangi inarudi, nguvu hairudi. Anayefika zamu ya asubuhi asiyejua hilo anaanza kesi kwa chokaa iliyokufa.

Kwa upande mwingine, vituo vingi vya afya vya ngazi ya nne na hospitali za wilaya hutegemea mashine za kuvuta, ambazo hewa ya kawaida inapitishwa kwenye vepoaiza kwa pumzi ya mgonjwa mwenyewe, ikiongezewa oksijeni kutoka kwenye mashine ya kuichuja. Mimi ni shabiki wa mashine hizi na sioni haya kusema. Umeme ukikatika, usingizi hauishi. Mtungi ukikosekana, hewa ipo. Tatizo ni kwamba mtu mzima anavuta lita 6 au zaidi kwa dakika na hewa hiyo yote inapita kwenye dawa na kutoka nje. Kwa hesabu ileile, sevoflureni hapo inakula mililita 36 kwa saa, na chupa inakwisha ndani ya saa 7. Isoflureni inakula kama 22. Kupeleka sevoflureni kwenye mashine za namna hiyo kwa kila mgonjwa mtu mzima ni kuimwaga hewani.

Kwa hiyo sevoflureni ikae wapi? Ni dawa nzuri mno, tuseme ukweli. Harufu yake haikeri, inalaza upesi, inaamsha upesi, haina tabia ya halotheni kwa ini wala kwa adrenalini. Ndiyo mrithi halali wa halotheni kwa watoto, na kwa mtu mzima ambaye koo au shingo yake inatutia hofu kiasi kwamba hatutaki kumzimia pumzi kwa sindano: mwenye uvimbe wa taya, mwenye makovu ya moto shingoni. Hao wako. Naomba hospitali za rufaa za mikoa zote ziwe nayo kwa kazi hizo, pamoja na hospitali ya taifa ya Mulago, na kila hospitali inayopasua watoto. Lakini ikifanywa dawa ya kila siku ya watu wazima nchi nzima, fedha itakatika katikati ya mwaka, na tutarudi kwenye ketamini tupu.

Desflureni sina haja ya kuizungumzia sana. Inachemka kwenye nyuzi joto 23 hivi, ambayo kwa Arua au Gulu ni asubuhi ya kawaida, kwa hiyo inahitaji vepoaiza yake ya pekee yenye umeme na joto. Inakera koo kuliko zote. Ukiipandisha Kabale, mita kama elfu 2 juu ya bahari, asilimia inayoonyeshwa lazima iongezwe kufidia urefu, wakati vepoaiza za kawaida zinajifidia zenyewe. Na angani, kwa kipimo cha miaka 100, ina nguvu ya kupasha dunia joto kama mara 2,500 ya kabonidayoksaidi. Uskoti iliiacha mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya umeizuia tangu tarehe 1 Januari 2026 isipokuwa pale tiba inapolazimisha. Ninachoogopa ni kwamba mashine zao zitatafuta kwa kwenda, na sisi tunajulikana kwa ukarimu wa kupokea. Tafadhali, mtu akileta msaada wa mashine yenye vepoaiza ya desflureni, mpeni ahsante na mumwombe ya isoflureni.

Sasa nifike kwenye kiini, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu ndipo watu hufa.

Dawa haiwezi kubadilishwa bila vepoaiza kubadilishwa. Chupa zina pete ya rangi shingoni: halotheni nyekundu, isoflureni zambarau, sevoflureni njano. Vepoaiza nazo zina rangi hizohizo, na zilizo bora zina tundu la kujazia linalokubali chupa yake tu. Lakini thieta nyingi zina vepoaiza za zamani ambazo hufunguliwa kifuniko na kumiminiwa, na kwa hizo rangi ni ushauri, haizuii kitu. Hospitali moja ninayoijua vizuri iliwahi kuletewa isoflureni wakati vepoaiza zote zilizokuwa zikifanya kazi ni nyekundu. Watu walikuna vichwa. Mmoja akasema mvuke wa dawa hizi mbili una mgandamizo unaokaribiana sana, kwa hiyo namba inayosomwa haitapotoka sana. Kweli, kwa fizikia hakukosea. Lakini asilimia 1 ya halotheni inamlaza mtu mzima vizuri, na asilimia 1 ya isoflureni inamwacha juujuu. Anayezoea kusimama kwenye 1 atasimama kwenye 1, na mgonjwa aliyelegezwa misuli hawezi kuinua kidole kusema kwamba anasikia.

Ikimiminwa sevoflureni kwenye chombo cha halotheni ni mbaya zaidi, maana mvuke wake ni mchache na nguvu yake ni ndogo: mgonjwa anabaki macho ndani ya mwili uliofungwa. Na kinyume chake, halotheni kwenye chombo cha sevoflureni, inamzamisha mtu haraka kuliko presha inavyoweza kuvumilia. Halafu halotheni ina dawa ya kuihifadhi, thaimoli, ambayo haigeuki mvuke bali inabaki chini ya chombo. Fungueni vepoaiza ya halotheni ambayo haijamwagwa muda mrefu: mtakuta majimaji ya rangi ya chai yenye kunata, na kizungushio chenye namba kinakwama mahali fulani kama mlango uliovimba kwa mvua. Chombo kama hicho hakigeuzwi kuwa cha isoflureni kwa kubandika karatasi ya zambarau.

Mfano tunao wa karibuni. Mwezi Machi 2024 Bangladesh, baada ya vifo vya watoto vilivyohusishwa na halotheni iliyochakachuliwa, iliamuru hospitali ziache halotheni na zitumie isoflureni au sevoflureni. Amri ilikuwa sahihi, lakini amri haileti vepoaiza. Somo la pili la Bangladesh ni kwamba dawa ikianza kuadimika sokoni, wajanja hujitokeza na chupa zao. Mamlaka ya Taifa ya Dawa ijiandae kwa hilo mapema, na sisi thietani tupewe namna nyepesi ya kuripoti chupa tunayoitilia shaka bila kuonekana wachochezi.

Kwa hiyo agizo la isoflureni litoke likiwa limefungwa pamoja na vepoaiza za zambarau kwa idadi ya mashine zilizopo, si kwa idadi ya hospitali. Karakana kuu ya Wizara iliyoko Wabigalo na karakana za mikoa zipewe kipimo cha gesi kinachobebeka ili mafundi wapite kila thieta na kuthibitisha kwamba kilichoandikwa kwenye kizungushio ndicho kinachotoka. Vepoaiza za halotheni zikusanywe siku hiyohiyo zinapoletwa mpya. Nasisitiza siku hiyohiyo: zikiachwa kabatini zitarudi mezani siku ya shida. Bohari ya Dawa za Pamoja iliyoko Nsambya, inayohudumia hospitali za madhehebu, iwe ndani ya mpango huohuo, kwani maofisa wa usingizi huhama kutoka hospitali ya misheni kwenda ya serikali na kurudi, na hawafai kukuta rangi tofauti kila mlango.

Kuhusu watu: kozi ndefu haihitajiki. Ofisa aliyefanya kazi na halotheni miaka mingi anahitaji siku chache za kuzoeza mkono na macho upya. Ajue kwamba mapigo yakipanda kwa isoflureni haimaanishi kila mara kwamba mgonjwa anaamka. Ajue kwamba mzee wa miaka 80 anahitaji karibu robo pungufu ya mtu wa miaka 40. Ajue zaidi ya yote kuhusu mama aliyepasuliwa kujifungua. Wengi wao tunawachoma sindano ya mgongo na hawahitaji mvuke kabisa, lakini yule anayekuja akivuja damu au mwenye kifafa cha mimba analazwa, na mvuke wote huu, halotheni, isoflureni na sevoflureni, hulegeza mji wa mimba kadiri unavyozidi. Mtoto akishatoka mvuke unashushwa. Mkono uliozoea kuacha kizungushio pale pale unaweza kumwongezea mama damu ambayo benki haina.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ambao uliwauliza watoa usingizi wa Uganda wana vifaa gani. Walioweza kutoa usingizi salama kwa mtu mzima walikuwa asilimia 23. Kwa mtoto, 13. Kwa upasuaji wa uzazi, 6. Tangu wakati huo mengi yamesogea: oksimita zimeingia, mitambo ya oksijeni imejengwa, wenzetu wengi wamesoma. Nazitaja namba hizo kwa sababu moja. Dawa ilikuwa sehemu ndogo tu ya yaliyokosekana. Meza inayopinda, mfyonzo wa kunyonya mate na matapishi, mrija wa hewa wa saizi sahihi, oksijeni ya uhakika, vyote vilikuwa ndani ya hesabu. Isoflureni mikononi mwa mtu asiye na oksimita wala mfyonzo haimwokoi yeyote. Fedha ikiwa haitoshi vyote, nunueni oksimita kwanza. Naandika hivyo nikijua inapunguza uzito wa ombi langu lenyewe.

Najua pia mtajibu kwamba halotheni ni rahisi na imekaa miaka mingi kwenye orodha za dawa muhimu duniani. Ndiyo, na isoflureni nayo imeorodheshwa. Mimi sisemi itupwe kesho. Chupa zilizopo bohari zitumike, zipelekwe zaidi kwa watoto ambako bado ina kazi hadi sevoflureni itakapofika, na watu wazima wahamishwe kwanza, mkoa baada ya mkoa. West Nile tuko tayari kuwa wa mwanzo. Mashine zetu ni chache, kuhesabu kwake ni kazi ya wiki moja.

Tunachohitaji kutoka kwenu kwa sasa ni waraka mmoja wenye mambo manne: tarehe ya mwisho ya kuagiza halotheni kwa watu wazima, idadi ya vepoaiza za isoflureni na fungu la bajeti litakalozilipia, jina la cheo kitakachowajibika kila mkoa, na bei kwa saa ya kila dawa itakayoingia kwenye zabuni ijayo. Waraka huo ukitumwa kwa wakurugenzi wa hospitali, naomba nakala ibandikwe thieta, maana mara nyingi karatasi huishia ofisini na sisi tunasikia kwa uvumi.

Wenu katika utumishi,

Ofisa wa usingizi
West Nile